Uenyeji wa mashindano makubwa: kujenga upya, kutumia vilivyopo, kugawana, kuanza na madogo au kukataa?

Montreal iliandaa Olimpiki mwaka 1976, ikamaliza kulipa deni la uwanja wake mkuu mwaka 2006. Sehemu ya deni hilo ililipwa kwa kodi ya tumbaku, kwa hiyo hata mvuta sigara wa Quebec, jimbo la Montreal, ambaye hajawahi kutazama mbio za mita 100 alichangia. Kabla ya mambo kuharibika, meya Jean Drapeau alikuwa amewatuliza wananchi kwamba Olimpiki haiwezi kupata hasara, kama mwanamume asivyoweza kuzaa. Mwaka 1984 Los Angeles iliandaa michezo hiyohiyo, na hesabu zilipofungwa kulikuwa na ziada ya zaidi ya dola milioni 200.

Ukiiweka miji hii miwili pamoja utaona mambo mawili yaliyoitenganisha: kila mmoja ulijenga nini, na nani alitia sahihi kwamba bajeti ikipasuka atajaza pengo. Montreal ilijenga na ikatia sahihi. Los Angeles ilijenga kidogo na ikagoma kutia sahihi. Nimezifuata nyuzi hizo mbili katika njia tano ambazo mji au nchi inayotaka uenyeji huwa nazo mezani. Sijifanyi kuwa sina upande, na msomaji ataona mapema naelemea wapi.

Kujenga upya

Hii ndiyo njia ambayo wanasiasa huipenda kuliko zote, maana ina utepe wa kukata. Ndiyo pia iliyozaa mafanikio makubwa kabisa na majanga makubwa kabisa, na si vigumu kujua kwa nini.

Barcelona mwaka 1992 hutajwa kila mtu anapotaka kutetea matumizi makubwa. Mji ulikuwa umeipa bahari kisogo. Viwanda na njia za reli vilijaa ukingo wa bahari kwenye mtaa wa Poblenou. Vikaondolewa, kijiji cha wanamichezo kikajengwa hapo na baadaye kuwa makazi ya watu, fukwe zikafunguliwa, barabara za mzunguko zikakamilishwa. Lakini watu husahau mambo mawili. Kwanza, uwanja mkuu haukuwa mpya: ni ule wa Montjuïc wa mwaka 1929 uliokarabatiwa. Pili, sehemu ndogo tu ya fedha zote ilienda kwenye viwanja; nyingi ziliingia kwenye barabara, majitaka na ufukwe, na wapangaji wa mji walikuwa wakiyatamani mambo hayo tangu kabla ya kupewa uenyeji. Olimpiki ilikuwa kisingizio kizuri cha kuharakisha kazi iliyokwisha kuchorwa.

Athens mwaka 2004 ilikuwa na nusu ya hekima hiyo. Uwanja mpya wa ndege na metro vinatumika hadi leo na hakuna Mwathene anayetaka virudishwe. Ila kwenye uwanja wa zamani wa ndege wa Helliniko kulijengwa viwanja vya softiboli, mpira wa magongo na mbio za mitumbwi, michezo ambayo Ugiriki haikuwa na wachezaji wala watazamaji wa kuijaza, na miaka michache baadaye magugu yalikuwa yameota kwenye majukwaa. Niseme pia kwa haki kwamba Olimpiki haikuifilisi Ugiriki peke yake; deni la taifa lilikuwa kubwa mara nyingi kuliko bajeti ya michezo. Michezo ilionyesha tu tabia iliyokuwepo.

Mfano ninaoupenda zaidi uko London, ndani ya bustani moja ya Stratford, umbali wa kutembea kwa miguu. Upande mmoja kuna bwawa la kuogelea alilolisanifu Zaha Hadid. Wakati wa michezo ya 2012 lilikuwa na majukwaa mawili ya muda, yamechomoza pande zote mbili kama mabawa, na viti vyote vikafika 17,500. Michezo ilipokwisha mabawa yalifunguliwa nati kwa nati, ukuta wa kioo ukawekwa mahali pake, vikabaki viti takriban 2,500, na mwaka 2014 watoto wa mitaa ile wakaanza kuogelea humo. Upande wa pili kuna uwanja mkuu. Ulichorwa upunguzwe kutoka watu 80,000 hadi 25,000 uwe wa riadha. Kisha siasa zikabadili mawazo na kuutaka uwe wa soka. Ikabidi paa livunjwe na lijengwe jingine kubwa, viti vya kusogezwa viwekwe, na gharama za mageuzi hayo pekee zikapita pauni milioni 300. Klabu ya West Ham ilipohamia mwaka 2016, jumla ya gharama za uwanja ilikuwa zaidi ya pauni milioni 700. Mbunifu, mkandarasi na mfereji wa fedha havikuwa tatizo. Bwawa lilijua litakuwa nani baada ya sherehe, uwanja haukujua.

Brazil ilirudia kosa la uwanja ule mara kadhaa kwa mpigo. Kombe la Dunia la 2014 lilichezwa kwenye viwanja 12. Manaus, katikati ya Amazon, ilipata uwanja wa zaidi ya watu 40,000 kwa mechi nne, ilhali haikuwa na timu ya ligi kuu ya kuutumia. Brasília ilijenga mmoja wa viwanja ghali kuliko vyote, na mwaka uliofuata eneo lake likawa maegesho ya mabasi ya mji. Watu hawakusubiri hadi hapo kukasirika. Juni 2013, maandamano yaliyoanzia kwenye nauli ya basi iliyopanda kwa senti 20 za real mjini São Paulo yalienea nchi nzima, na mabango yalidai hospitali na shule za “kiwango cha FIFA”. Ni dhihaka iliyobeba hesabu sahihi: serikali ilikuwa imethibitisha kwamba ikitaka kujenga kitu bora kwa tarehe maalumu, inaweza.

Afrika Kusini ya 2010 inafaa kusomwa kama safu mbili za daftari moja. Treni ya Gautrain ilikuwa imepangwa kabla nchi haijapewa Kombe la Dunia. Kipande cha kutoka uwanja wa ndege hadi Sandton kikafunguliwa tarehe 8 Juni, siku tatu kabla ya mechi ya ufunguzi, na kinabeba abiria hadi sasa. Cape Town nayo ilikuwa na Newlands, uwanja wa raga uliokuwa unatumika, na kulikuwa na hoja ya kupeleka mechi Athlone, eneo la watu wa kipato cha chini. Mwisho uwanja mpya ukajengwa Green Point, baina ya bahari na mlima, kwa zaidi ya randi bilioni 4. Kwenye televisheni ulipendeza mno. Bili za kuutunza zikaangukia manispaa.

Na viwanja vipya vinahitaji ardhi, ambayo huwa na watu. Vila Autódromo, makazi yaliyokuwa jirani na Bustani ya Olimpiki ya Rio, yalikuwa na mamia ya familia. Baada ya miaka ya mvutano zilibaki kama 20, zikajengewa nyumba ndogo nyeupe palepale. Waliohamishwa walipewa nyumba au fidia, lakini fidia hulipa ukuta na bati. Hailipi umbali wa kwenda kazini wala jirani wa kukuangalizia mtoto.

Qatar ya 2022 ni kisa cha pekee na sidhani kama kuna nchi nyingine inayoweza kukiiga: viwanja vinane kwa nchi ya watu kama milioni 3, vilivyojengwa na wafanyakazi wahamiaji ambao mateso na vifo vyao viligeuka ajenda ya dunia. Shinikizo hilo liliacha kitu. Mwaka 2020 sheria iliruhusu mfanyakazi kubadili mwajiri bila idhini ya mwajiri wa zamani, na ukawekwa mshahara wa kima cha chini wa riali 1,000 kwa mwezi. Ningekuwa mjenzi aliyefika Doha mwaka 2013, ningeuliza kwa nini yote hayo hayakutangulia zege.

Ukichagua njia hii basi, masharti yangu ni mawili tu: mchoro uwe ulikuwepo kabla ya ndoto ya uenyeji, na kila jengo liwe na mpangaji aliyetia sahihi kabla ya msingi kuchimbwa. Kuhusu bajeti, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford wamepitia hesabu za Olimpiki tangu 1960 na hawakupata hata moja iliyobaki ndani ya makadirio yake. Anayekuambia yenu itabaki anakuambia ninyi ni wa kwanza duniani.

Kutumia vilivyopo

Usiache mbachao kwa msala upitao. Los Angeles ilitumia Coliseum, uwanja uleule wa Olimpiki ya 1932. Wanamichezo walilala kwenye mabweni ya vyuo vikuu vya UCLA na USC. Bwawa jipya lililipiwa na McDonald's. Hata hivyo siri yenyewe haikuwa ubahili. Mwaka 1978 wapiga kura wa mji walipitisha kwamba fedha za mji zisitumike kwa michezo. Tehran ilikuwa imejitoa kwenye kinyang'anyiro, Los Angeles ikabaki mwombaji pekee, na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalazimika kukubali kwamba hasara isibebwe na mji. Kwa kawaida mkataba husema kinyume: kamati huondoka na haki zake, mwenyeji hubaki na nakisi.

Nafasi hiyo ya kujadiliana ilipotea kwa miaka mingi miji ilipokuwa ikipigana vikumbo kuomba. Imerudi kiasi. Oslo, Boston, Hamburg, Roma na Budapest zote zilijitoa kati ya 2014 na 2017, Hamburg ikiwa baada ya wananchi kupiga kura, na mwaka 2017 kamati ikagawa michezo miwili kwa mpigo: Paris 2024 na Los Angeles 2028. Mwombaji wa leo anaweza kudai mambo ambayo wa mwaka 2000 asingethubutu kuyataja.

Paris ilisema asilimia 95 ya viwanja vyake ni vya zamani au vya muda. Voliboli ya ufukweni ilichezwa chini ya mnara wa Eiffel, farasi walikwenda Versailles, mchezo wa kupigana kwa vitara ulifanyika ndani ya jumba la Grand Palais. Bwawa jipya la kudumu lilijengwa Saint-Denis, kwenye wilaya ambayo watoto wengi wanafika sekondari bila kujua kuogelea kwa sababu mabwawa ni machache. Mto Seine, ambao kuoga humo kulipigwa marufuku tangu 1923, ulisafishwa kwa gharama ya takriban euro bilioni 1.4. Triathlon ya wanaume (kuogelea, baiskeli na mbio) iliahirishwa kwa siku moja kwa sababu maji yalikuwa machafu baada ya mvua, watu wakacheka. Julai 2025 wananchi wa kawaida walifunguliwa sehemu za kuogelea mtoni, kicheko kikapungua.

Upungufu wa njia hii ni wa aina nyingine. Viwanja vya katikati ya mji vinamaanisha ulinzi wa katikati ya mji: kwa siku kadhaa kabla ya ufunguzi, wakazi wa kando ya Seine walipita vizuizi kwa msimbo wa simu, na wenye mikahawa walihesabu meza tupu. Wahamiaji waliokuwa wakilala kwenye majengo matupu na mahema walipakiwa kwenye mabasi kupelekwa mikoani. Hukujenga uwanja juu ya mtu, lakini ulimwondoa mbele ya kamera. Tena njia hii inampendelea aliyekwisha kuwa navyo. Mji usio na bwawa la kimataifa wala uwanja wa watu 60,000 hauwezi “kutumia vilivyopo”; utaambiwa ujenge au usubiri zamu isiyofika.

Bado, kwa mwenye navyo, sioni hoja ya kuchagua nyingine.

Kugawana

Inasikika kama jibu la kila kitu: nchi mbili au tatu, gharama nusu au theluthi. Japani na Korea Kusini ndizo zilizofungua njia kwenye Kombe la Dunia mwaka 2002, na fahali wawili wakakataa zizi moja. Kila nchi iliandaa viwanja 10, vingi vikiwa vipya. Jumla viwanja 20 kwa mechi 64, wakati Ufaransa miaka minne kabla ilikuwa imemaliza mechi 64 kwa viwanja 10. Badala ya kugawana mzigo, waliuzidisha.

Uholanzi na Ubelgiji, kwenye Euro ya 2000, zilifanya hesabu tofauti: viwanja vinne kila nchi, basi. Hapo ndipo kugawana kunapolipa. Sasa mashindano yenyewe yamevimba kiasi kwamba nchi ya ukubwa wa kati haina njia nyingine. Kombe la Dunia la 2026 lenye timu 48 na mechi 104 lilipangiwa miji 16 ya Marekani, Kanada na Meksiko, na la 2030 likapewa Moroko, Ureno na Uhispania, na mechi za mwanzo Amerika Kusini. Kenya, Uganda na Tanzania nazo zilipewa AFCON ya 2027 kwa pamoja.

Gharama iliyofichika ni mpaka. Shabiki anayefuata timu yake anavuka nchi tatu zenye viza tatu, polisi wa aina tatu na simu tatu za dharura. Urusi mwaka 2018, ingawa ilikuwa peke yake, ilitoa kitambulisho cha shabiki kilichotumika pia kama viza, na treni za bure baina ya miji. Wenyeji wengi wakikubaliana kitu kama hicho mapema, kugawana kunawezekana. Wakiacha kila wizara ijibu kivyake, mashabiki watayagundua matatizo wakifika uwanja wa ndege.

Saizi ndogo

Hapa nitasema machache kwa sababu hoja ni nyepesi. Kigali iliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani Septemba 2025, ya kwanza Afrika. Uwanja ulikuwa barabara na milima. Shule zilifungwa wiki ile na watumishi wa serikali wakafanyia kazi nyumbani, usumbufu wa kweli, lakini Jumatatu barabara zilirudi kuwa barabara. Budapest nayo ilijenga uwanja wa riadha kwa mashindano ya dunia ya 2023 ukiwa na jukwaa la juu la kuondolewa. Kwa nchi inayoanza, hii ni shule ya bei nafuu: unajifunza tiketi, usafiri, wafanyakazi wa kujitolea na upimaji wa dawa za kusisimua misuli bila kuweka rehani bajeti ya afya.

Geti haliulizi umechagua njia ipi

Kuna jambo ambalo halitofautiani kwa njia yoyote kati ya hizi, na ndilo linaloua. Tarehe 24 Januari 2022, watu wanane walikufa kwenye msongamano nje ya uwanja wa Olembe mjini Yaoundé kabla ya Kameruni kucheza na Komoro. Uwanja ulikuwa mpya, wa watu 60,000. Lango moja lililopaswa kuwa wazi lilikuwa limefungwa. Umati ukajazana, lilipofunguliwa watu wakaangukiana.

Usiseme ni ugeni. Miezi sita nyuma, kwenye fainali ya Euro pale Wembley, takriban watu 2,000 wasio na tiketi waliingia kwa nguvu. Na Mei 2022 huko Stade de France, fainali ya Ligi ya Mabingwa ilichelewa zaidi ya nusu saa. Mgomo kwenye njia moja ya treni ulisukuma mashabiki wa Liverpool kwenye njia nyingine, wakaishia kwenye kipito chembamba chini ya barabara kuu ambako tiketi zilikuwa zikikaguliwa. Wakarushiwa mabomu ya machozi wakiwa na tiketi halali mkononi, wengine na watoto. Tume huru iliyoundwa na UEFA yenyewe iliweka lawama kuu kwa UEFA.

Kwa hiyo unapopitia mpango wa mwenyeji, ruka picha za paa. Tafuta ukurasa wa kilomita ya mwisho: kutoka kituo cha treni hadi kiti. Ukaguzi wa kwanza uko umbali gani na geti? Treni ikigoma, watu 20,000 wanapita wapi? Nani, kwa jina la cheo, ana mamlaka ya kuchelewesha mpira kuanza bila kumpigia simu mwenye haki za televisheni? Nchi tajiri zimeshindwa kujibu la tatu.

Ukurasa wa pili wa kutafuta ni wa wachuuzi. Mikataba hutenga eneo la biashara kuzunguka uwanja kwa ajili ya wadhamini, na aliyekuwa akiuza hapo miaka yote anageuka mvamizi. Salvador, Brazil, wanawake wanaouza acarajé, ambazo kwetu ungeziita bajia za kunde, walikuta hawana nafasi kwenye uwanja wa Fonte Nova. Walipinga, wakakusanya sahihi, wakaingizwa. Wakati huohuo bunge la nchi hiyo lilikuwa limepitisha sheria mwaka 2012 iliyofungua njia ya kuuza bia viwanjani, kitu kilichokuwa kimekatazwa. Mdhamini alipata sheria. Mama wa bajia alipata kibali baada ya kupiga kelele.

Kukataa

Njia hii haina utepe, wala haina aibu ikichukuliwa mapema. Novemba 1972 wapiga kura wa jimbo la Colorado, Marekani, walikataa fedha za Olimpiki ya baridi ya 1976, mji wa Denver ukajitoa, na Innsbruck, iliyokuwa na viwanja vyake vya 1964, ikaipokea. Calgary iliuliza wananchi mwaka 2018 kabla ya kuomba. Asilimia 56 wakasema hapana, mjadala ukafungwa kwa gharama ya kura.

Jimbo la Victoria, Australia, lilikataa likiwa limekwisha kukubali. Lilipewa Michezo ya Jumuiya ya Madola ya 2026, likakadiria dola za Australia bilioni 2.6, na Julai 2023 likatangaza kwamba makadirio yamepita bilioni 6 na linajiondoa. Kujiondoa kuligharimu fidia ya dola milioni 380 za huko kwa michezo ambayo hakuna aliyeiona.

Glasgow ikaichukua. Ilikuwa imeandaa michezo hiyohiyo mwaka 2014, na safari hii ilipunguza michezo hadi 10, ikatumia maeneo manne yaliyo karibu karibu, yote yaliyokuwepo. Kijiji cha wanamichezo hakikuwemo kwenye mpango. Wangelala hotelini na kwenye mabweni ya wanafunzi.